Shajara ya mradi wa likizo: tanuri la udongo nyumbani kwa Bibi, Pangani

Shajara hii ni ya mwenye kutaka kujenga tanuri kama letu na watoto nyumbani. Yaliyo rahisi nimeyapitia kwa haraka. Palipotusumbua nimekaa zaidi, na bei nimeziandika kama tulivyolipa.

Jumapili, 2 Juni 2024. Kuchagua kazi

Tumefika salama. Safari ya Dar hadi Tanga, kisha Pangani, siielezi. Mwenye watoto watatu na basi la alfajiri anaijua.

Likizo ya Desemba iliyopita kila mtu alikuwa na kioo cha simu yake mkononi. Tuliporudi mjini nikagundua kuwa Kitinda, mtoto wetu wa mwisho, hajui hata jina la dada yake Bibi, aliyekuja kushinda nasi karibu kila siku. Safari hii nikasema tutafute kazi moja ya wote, yenye masharti matatu: wazee waijue kuliko sisi, iishe kabla shule hazijafunguliwa, na tukiondoka ibaki ikitumika.

Baba watoto alitaka banda la kuku. Mkubwa, binti yangu aliye kidato cha pili, alitaka tupake nyumba rangi. Bibi alikuwa anachambua mchele, akauliza bila kuinua kichwa: "Na tanuri je?" Akaanza kueleza habari za mofa za utotoni mwake, mikate ya mtama iliyobandikwa ubavuni mwa mtungi uliokolea moto, iliyoliwa na mchuzi wa papa. Wa Kati, mwenye miaka kumi na moja na njaa isiyokwisha, akapiga kura papo hapo.

Tulibishana kidogo kuhusu umbo. Tanuri la mofa ni kama mtungi, mdomo uko juu. Sisi tulitaka la kuba, lenye mdomo mbele, liweze kuoka boflo, mkate wa sinia na samaki. Bibi akakubali kuba, ila akasema tusije kumwambia kuwa hilo ni la mofa.

Bajeti ni shilingi 200,000. Mafundi ni Bibi na Babu, vibarua ni sisi wengine, na Mjomba (kaka yangu, fundi baiskeli) atakuja akipata nafasi. Simu zinakaa kwenye pakacha ukutani hadi saa kumi na moja jioni, yangu ikiwemo, ndiyo maana picha ni chache.

Jumanne, 4 Juni. Kutafuta udongo

Hatua hii isirukwe. Tulileta udongo wa aina mbili: wa ukingo wa mto, ambao ni mlaini, unanata na uko karibu, na wa kichuguu cha mchwa kutoka shamba la Babu, mwekundu, mgumu kama jiwe ukiwa mkavu.

Jaribio la kwanza ni la chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa angavu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache hadi kesho yake. Mchanga hukaa chini, udongo mfinyanzi juu. La pili ni la mkono: viringisha udongo mbichi uwe mnene kama kidole gumba, uache uning'inie kutoka kwenye kiganja. Ukikatika upesi, udongo mfinyanzi uliomo ni kidogo. Aina zote mbili zilifaulu hapa, na kama tungeishia hapo tungechagua wa mto kwa uvivu.

Kwa hiyo tukafinyanga vipande vya majaribio, kila kimoja ukubwa wa andazi: udongo mtupu, udongo kwa mchanga sawa kwa sawa, na udongo mmoja kwa mchanga mbili, kwa kila aina. Mchanga ni wa mto kutoka bara, si wa ufukweni. Kitinda alipewa kazi ya kuvitia alama kwa njiti. Akaamua kila kipande kina jina la mtu wa familia, na mimi nikawa udongo mtupu wa mtoni.

Ijumaa, 7 Juni. Vipande vimesema

Vya udongo mtupu vimepasuka vyote, na kile chenye jina langu vipande vitatu. Vya sawa kwa sawa vina nyufa nyembamba. Vya moja kwa mbili ni vizima; ukikiangusha kutoka usawa wa bega kinapata ufa lakini hakisambaratiki.

Tofauti kubwa iko kwenye ngozi. Vipande vya udongo wa mtoni vimetoka ukungu mweupe, na ukiulamba ni chumvi. Babu hakushangaa. Maji ya mto huu yanaanzia Kilimanjaro na Meru yakiwa matamu, lakini hapa mdomoni bahari inaingia na kutoka kila siku, na udongo wa ukingoni unainywa. Chumvi huvuta unyevu na kubandua ngozi ya udongo. Kwa sababu hiyo hiyo mchanga wa pwani haufai, na pia una vipande vya kombe.

Tumechagua kichuguu. Mchwa wamekwisha tuchagulia chembe ndogo, kazi yetu ni kuponda na kuchekecha. Babu alisema tuchukue upande mmoja tu wa kichuguu, tuwaachie wenye nyumba yao. Kukodi guta kuuleta nyumbani: 15,000.

Jumapili, 9 Juni. Msingi na sakafu

Jana fundi mmoja wa jirani alijenga msingi wa mviringo, upana sentimita 120, kimo cha kiunoni kwa Bibi ili asiiname. Mawe ni ya matumbawe, yaliyopangwa kwa udongo. Ndani tumejaza kifusi.

Juu ya kifusi kuna tabaka la kuzuia joto lisizame: chupa tupu zilizolazwa ubavu, katikati yake jivu lililochanganywa na udongo kidogo. Watoto walizikusanya mtaa mzima, na kwa kila mlango waliobisha walilazimika kueleza ni za nini. Hadi jioni mtaa wote ulijua kuna mkate unakuja. Hiyo ni ahadi ambayo hatukuipangia.

Juu ya chupa, mchanga uliosawazishwa, kisha matofali ya kuchoma bila saruji, yamebanana. Pitisha kiganja juu: kona yoyote inayokwaruza kiganja itakwama na ubao wa mkate.

Jambo moja lilirekebishwa. Fundi alipamba sehemu ya mdomo kwa mawe mawili mazuri ya matumbawe. Babu akayang'oa. Chokaa cha kujengea cha pwani hii kinapatikana kwa kuchoma matumbawe. Ukiyaweka jirani na moto, siku moja utakuta jiwe limegeuka unga. Matumbawe yabaki chini kwenye msingi, na kila kinachogusa moto kiwe tofali la kuchoma.

Mawe 20,000, fundi 25,000, matofali hamsini kwa 300 ni 15,000, mchanga toroli tano 15,000. Pamoja na guta, 90,000.

Jumatatu, 10 Juni. Tumbo la mchanga na tabaka la kwanza

Kuba linajengwa juu ya rundo la mchanga, kisha mchanga unatolewa. Vipimo vyetu: upana wa ndani sentimita 70, kimo 40. Kimo kikizidi, joto linakaa juu mbali na mkate.

Rundo la kwanza lilimomonyoka kila tulipofika nusu, kwa kuwa mchanga ulikuwa mkavu. Tulipoumwagia maji na kuupigapiga kwa kipande cha ubao ulisimama. Juu yake tukabandika magazeti yaliyolowa, ili baadaye mkono ujue mchanga unaishia wapi. Kitinda akatangaza kuwa tanuri lina mimba, na hapo jina likapatikana.

Kukanyaga udongo ndiyo saa bora ya mradi mpaka sasa. Ndoo tatu za kichuguu, sita za mchanga, maji kwa kuhofia. Tulitandika turubai, tukaingia wote miguu peku, na Bibi akatoa mpigo kwa kugonga sinia. Baba watoto aliteleza akakaa chini kitako katikati ya udongo, na Bibi, ambaye kwa mkwewe huwa na adabu nyingi, alicheka hadi akashika nguzo ya baraza. Mkubwa aliinua mikono kutafuta simu, akakumbuka pakacha.

Udongo ukiwa tayari, finyanga bonge, liangushe kutoka kiunoni: likibaki bonge, twende, likitandazika kama uji, ongeza mchanga na udongo mkavu. Bibi alitufundisha kukandika. Bonge linasukumwa kuelekea bonge jirani, halibonyezwi kwenye mchanga, la sivyo rundo linapoteza umbo. Unene sentimita nane kila mahali. Kitinda alikuwa na kijiti chenye alama, akichoma na kupima, akiwafokea watu wazima.

Tulimaliza magharibi na kulifunika kwa turubai jipya la 18,000.

Jumanne, 11 Juni. Mvua

Masika yamekwisha, lakini pwani ya Tanga Juni haikosi mvua ya kupita. Ilikuja kabla ya adhana ya alfajiri pamoja na upepo wa kusi. Turubai liling'oka upande mmoja na kuanza kulichapa kuba. Tulipotoka na tochi, ubavu wa kusini ulikuwa umeporomoka na kuacha magazeti wazi.

Wa Kati alilia. Babu alimwita, akamkalisha barazani, akamwambia udongo ukilowa haujafa, unakanyagwa tena. Nilitaka kuongeza neno, nikaona halihitajiki.

Funzo la kiufundi: turubai si paa. Likibana halipitishi hewa na likilegea linapiga. Paa lijengwe kabla ya kuba, hata kama kila mtu ana hamu ya udongo.

Alhamisi, 13 Juni. Paa, kisha kuba mara ya pili

Nguzo nne za mikaratusi kwa 6,000 ni 24,000. Makuti arobaini na tano kwa 800 ni 36,000. Tulishawishiwa kununua boriti za mikoko kwa bei nzuri tukakataa: mikoko ni msitu wa hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa. Paa liwe juu vya kutosha. Letu ni mita mbili na robo kutoka ardhini, kwa sababu cheche na makuti havipatani. Wakati wa moto mkubwa ndoo ya maji inakaa pembeni.

Udongo ulioporomoka ulikanyagwa upya na kurudishwa. Palipobaki pazima tulikwaruza kwa uma na kulowesha kabla ya kuunganisha, kwa sababu mbichi haushiki juu ya mkavu laini. Kazi ya pili ilichukua asubuhi moja tu. Mikono ilikuwa imekwisha jua.

Jumla mpaka sasa ni 168,000. Mkoba umekonda kuliko tulivyopanga.

Jumamosi, 15 Juni. Kusubiri, na katani

Kuba linakauka kivulini. Hakuna la kufanya, na hapa ndipo ninapotaka kumshauri anayefuata: usiijaze nafasi hii kwa kazi nyingine. Panga ratiba ukiwa na siku za kukaa tu. Sisi ndizo zilizotupa tulichokuja kutafuta.

Babu ametoa bao lake, mashimo thelathini na mbili, kete sitini na nne. Mkubwa amefundishwa namua, awamu ya kwanza ya mchezo, na sasa anajua kutakata, yaani kucheza bila kula, ingawa Babu bado anamla nyumba, shimo lake kuu, kabla ya uji kupoa. "Mke wangu," anamwambia, "ukiwa na haraka hivyo utaolewa na kijana." Naye anajibu kuwa afadhali kijana mwenye meno. Utani huo haukuwepo Desemba; walikuwa wanapeana shikamoo na marahaba, basi.

Leo tulivuka kwa kivuko hadi Bweni kutafuta katani ya tabaka la pili. Badala ya nyasi tumeamua kutumia nyuzi za mkonge, maana uko kwao. Babu aliwaonyesha watoto upande wa Kikogwe na kuwapa habari ambayo shuleni wameisoma kwa mstari mmoja: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai na kuota 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote ya Tanga. Wa Kati aliuliza nani alilima. Babu alikaa kimya kwa muda, kisha akamweleza habari za manamba, vibarua wa mkataba wa mashambani, na za baba yake mwenyewe, mpaka kivuko kikagusa ng'ambo ya nyumbani. Mimi ni mtoto wake, na nusu ya hayo nilikuwa siyajui.

Katani 6,000. Jumla 174,000.

Jumatatu, 17 Juni. Idd

Watoto walitarajia tanuri lioke siku ya Idd el-Hajj. Halikuwa tayari: ukilikuna kwa kucha lilikuwa bado linaacha alama ya unyevu. Mjomba alishauri tutoe mchanga leo leo tujaribu. Bibi alikataa. "Mimba ya watu haitolewi kwa sababu wageni wamefika." Tukala biriani la jikoni kwa kawaida.

Wageni hata hivyo walipitia wote kuangalia lile tumbo chini ya makuti. Dada yake Bibi, ambaye sasa jina lake linajulikana vizuri na Kitinda, alileta mapishi ya mofa kwa mdomo: unga wa mtama, hamira, chumvi, maji vuguvugu, na uvumilivu. Vipimo hana. Mkubwa aliandika "uvumilivu" kwenye daftari.

Jumatano, 19 Juni. Kukata mdomo, tabaka la pili

Kimo cha mdomo ndicho kipimo kinachoharibu matanuri mengi. Kinatakiwa kiwe karibu asilimia 63 ya kimo cha ndani. Kuba letu ni sentimita 40, hivyo mdomo ni 25. Ukizidi, joto linatoka. Ukipungua, moto unakosa hewa na moshi unarudi ndani. Upana wetu ni 35, kwa kuwa sinia kubwa la Bibi lina 32. Pima sinia lako kwanza.

Tulichora kwa mkaa na kukata kwa kisu. Mchanga ulitolewa na Kitinda kwa kata, kidogo kidogo, hadi alipofika kwenye magazeti. Aliingiza kichwa ndani na kupiga kelele ili asikie mwangwi, na baada yake wote tukafanya hivyo, Babu pia.

Tabaka la pili lina udongo mwepesi wa maji, maranda ya mbao tuliyopewa bure, na katani iliyokatwakatwa urefu wa kidole. Unene sentimita nane tena. Kundi la kwanza lilishindikana kwa sababu nyuzi ndefu zilijikunja zikawa mabonge yasiyochanganyika. Kata fupi, zitawanye zikiwa kavu juu ya udongo, kisha kanyaga.

Jumamosi, 22 Juni. Moto wa kukausha, na ufa

Moto wa kukausha ni mdogo: vifuu vichache na vijiti, saa moja au mbili, siku kadhaa mfululizo. Maji yaliyomo ukutani yatoke polepole. Ijumaa ulikwenda vizuri, kuba likitoa jasho kwa nje.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Mjomba, na saa moja usiku Uturuki ilikuwa inacheza na Ureno. Akataka kumaliza mapema, akaingiza magogo ya mwembe. Mvuke ulitoka kama sufuria ya ugali, kisha tukasikia mlio, na ufa ukashuka kutoka kileleni hadi kwenye mdomo. Ureno ilishinda 3–0. Mjomba anasema hakufurahia hata bao moja.

Matibabu: subiri lipoe kabisa. Panua ufa kwa ncha ya kisu uwe na umbo la mfereji, uloweshe, ujaze mchanganyiko ule ule wa udongo na mchanga, usitumie saruji. Saruji haitanuki sawa na udongo na itabanduka. Nyufa nyembamba kama unywele ziache. Tanuri la udongo lina haki ya kuwa nazo.

Tumerudia moto mdogo jioni nyingine mbili. Mjomba amekuja zote, akakaa hadi mwisho.

Jumanne, 25 Juni. Mkate wa kwanza

Kuni ni makumbi ya nazi kuwashia, vifuu, na matawi makavu ya mwembe na mkorosho. Vifuu vinawaka kwa ukali lakini havidumu. Vitumie kupandisha joto, si kulihifadhi. Ndani ya kuba hugeuka jeusi kwa masizi, kisha, baada ya saa mbili na zaidi, masizi yenyewe yanaungua na udongo unaonekana safi tena. Hiyo ndiyo alama.

Tulifagia makaa, tukapitisha tambara bichi sakafuni, na Mkubwa akaingiza boflo zake nne. Dakika kumi baadaye chini zilikuwa mkaa na ndani unga mbichi. Wa Kati alikula ganda la juu la zote nne.

Sakafu ilikuwa imekolea mno. Ukishatoa makaa, ziba mdomo, uache joto lijisambaze nusu saa hivi. Kisha nyunyiza unga kidogo kwenye tofali. Ukiungua mara moja, subiri. Ukigeuka kahawia taratibu huku unahesabu hadi kumi na tano, weka mkate. Na mlango unahitajika: Babu alichonga mmoja wa mbao nene, misumari na mkono wake 4,000. Huloweshwa kabla ya kutumika ili usiungue.

Alhamisi, 27 Juni. Mkate uliofuata

Boflo zimetoka zikiwa na rangi, na ukigonga chini zinalia kama tupu ndani. Mkubwa alizishika moja moja, akazigonga zote, hata zile alizokwisha gonga.

Mkate wa sinia wa Bibi uliingia baadaye, joto liliposhuka: mchele uliosagwa, tui, sukari, hamira na iliki. Miaka yote ameuoka kwenye sufuria, makaa juu ya kifuniko na makaa chini, akikaa nao hadi mwisho. Safari hii aliufungia ndani, akaenda kuswali alasiri, akarudi, akafungua mlango. Ulikuwa umepanda na kupasuka kidogo katikati kama apendavyo. Alimwambia Wa Kati, "Haya mume wangu, kisu."

Ahadi ya chupa ililipwa: kila nyumba iliyotoa chupa ilipelekewa kipande. Watoto walizikumbuka zote.

Moto mmoja unatosha kwa mpangilio huu: boflo kwanza, kisha samaki kwenye sinia, kisha mkate wa sinia, na usiku kunde kwenye chungu zinazolala humo hadi asubuhi.

Jumamosi, 29 Juni. Mofa

Dada yake Bibi alikuja na unga wake. Mofa zililazwa sakafuni, kwa kuwa ubavu wa kuba haubandikiki. Ziliiva. Tulizila kwa mchuzi wa papa na tukamaliza zote. Kisha tukawageukia mabibi wawili.

"Mkate mzuri wa mtama," alisema Bibi. Dada yake akaongeza kuwa mofa huwa na mgongo, hizi zimelala. Hatukupata zaidi ya hapo.

Unga na hamira vya majaribio yote 16,000. Jumla kuu 194,000, pamoja na mlango. Kesho tunarudi Dar.

Jumamosi, 10 Agosti. Taarifa kwa simu

Bibi anaoka kila Ijumaa. Majirani wanaleta unga wao na vifuu vyao, na anayeleta kuni mbichi anarudishwa. Ufa mpya umetokea juu ya mdomo, Mjomba ameujaza. Ngozi ya nje imeanza kuchubuka upande wa kusini, palepale mvua ilipopiga. Desemba tutaipaka udongo laini na chokaa, ndoo moja ya kila kimoja inatosha.

Desemba pia kuna mtungi. Bibi amekwisha muulizia mfinyanzi, na mabibi wameanza kubishana kama uzikwe ardhini au ujengewe ukuta. Wa Kati amechora ramani zote mbili. Makadirio ya awali ni 60,000, paa lipo, udongo wa kichuguu umebaki ndoo mbili chini ya turubai.